Nipe Mji: Historia ya Chemshabongo Shauri Moyo

Chemshabongo ni mchezo wa kuulizana maswali ya maarifa ya jumla kwa ajili ya kufurahishana. Mmoja anauliza, wenzake wanashindania kujibu, na aliyekosea hana hasara zaidi ya kuchekwa kidogo. Mchezo wenyewe ni mkongwe kuliko jina lake. Katika Shauri Moyo, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, umepita kwa wazee wa vitendawili, kwa watangazaji wa redio na kwa walimu wa darasa la saba, na siku hizi umo mikononi mwa majirani wa zamani wanaokutana kwenye simu. Kila ulipohama, kilichobadilika zaidi ni nani anayeaminiwa kuwa na jibu.

Chimbuko lake ni kitendawili. Mtegaji huita, "Kitendawili!" na wenzake huitikia, "Tega!" Hapo hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Wanajaribu mmoja baada ya mwingine, na wakishindwa, mtegaji hudai malipo yake: "Nipeni mji." Hupewa Mombasa, Lamu au Unguja, naye huenda huko kwa maneno, akasimulia alivyopokelewa na alivyokula na kunywa, huku wenzake wakisubiri kwa hamu. Akishatamba vya kutosha ndipo hufumbua: ni yai. Utaratibu huo una uzuri wake, kwa maana hata kushindwa kumepewa adabu. Anayeshindwa hatozwi pesa wala haaibishwi. Hutoa mji, na mji wa kutoa hauishi.

Katika kitendawili mwamuzi ni mtegaji mwenyewe. Jibu amelirithi, na jibu jingine, hata liwe na mantiki, linaweza kukataliwa kwa sababu silo lililozoeleka. Aidha, maarifa yanayotakiwa ni ya jicho. Anayetega kwamba kuku wake ametagia mibani anataka nanasi, na anayesema popo wawili wavuka mto anataka macho. Vitu hivyo mtoto wa pwani aliviona kila siku kabla hajajua kusoma. Washairi walilichukua fumbo wakalikweza. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya miaka ya 1776 na 1840 hivi, alitunga mashairi ya kuwafumbia wapinzani wa mji wake na wa pande nyingine za pwani, na waliofumbiwa walijibu kwa mashairi. Kutegana kwa umbali, kati ya watu wasioonana uso kwa uso, kulikuwamo humo tayari. Magazeti ya Kiswahili yalipokuja, Mambo Leo la Tanganyika kuanzia 1923 na Baraza la Nairobi kuanzia 1939, kurasa za mashairi ziliendeleza desturi hiyo: mmoja aliuliza kwa beti, na mwingine aliye mamia ya maili akajibu kwa beti baada ya majuma kadhaa.

Desturi hii ilifika Nairobi pamoja na watu wake. Reli ilifika hapo mwaka 1899, na muda si mrefu vijiji vya Waafrika vikachipuka kando ya mji wa wakoloni: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Majina ya Mombasa na Pangani yanaonyesha wazi ni watu wa wapi walioanza kukaa humo. Wengi walikuwa Waislamu wenye lugha ya Kiswahili: wapagazi wa zamani, wafanyabiashara wadogo, Wanubi, Wamanyema, na Wakikuyu na Wakamba waliosilimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilianza kuvivunja vijiji hivyo na kuwahamishia watu Pumwani. Pangani ilidumu kuliko vingine. Ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake ndio waliojengewa Shauri Moyo, mtaa wa nyumba za manispaa badala ya zile walizojijengea kwa mikono yao.

Jina la mtaa limekuwa swali la chemshabongo tangu siku hizo. Maana ya maneno yenyewe iko wazi: ni jambo la moyo, kila mtu na uamuzi wake. Maelezo yanayosimuliwa zaidi ni kwamba watu wa Pangani, walipotakiwa kuhamia nyumba ambazo hazingekuwa mali yao kama zile za mwanzo, walisema kwamba kwenda au kutokwenda ni shauri la moyo wa mtu. Wengine husimulia kwa namna tofauti kidogo, lakini wengi wanakubaliana kwamba jina hili limebeba uchungu wa kuhamishwa. Waliozoea kudai mji katika kitendawili safari hii walipewa mji wasiouomba.

Mtaa mpya ulichanganya watu kuliko Pangani. Walikuja Waluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu waliofanya kazi reli, viwandani na majumbani mwa Wazungu. Kila mmoja alikuja na vitendawili vya kwao: Mkikuyu alianza na "Gwata ndaĩ!" pale Mswahili alipoanza na "Kitendawili!" Majibu ya kurithi hayakuwa tena mali ya wote. Kilichokuwa mali ya wote ni mji wenyewe: barabara zake, masoko yake, timu zake, vita na serikali. Hapo kitendawili kikaanza kugeuka swali la maarifa ya jumla, na majina ya mahali yakawa hazina ya kwanza ya maswali hayo.

Mengi ya majina hayo yametokana na vita. Kariokor, soko lililo karibu na Pumwani, ni jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, kama ndimi za watu zilivyolitamka. Dar es Salaam ina Kariakoo yake kwa sababu hiyohiyo, na ndiyo maana swali la masoko haya mawili hupendwa na wachezaji wa Kenya na wa Tanzania pia. Soko la Burma, lililo Shauri Moyo kwenyewe na linalojulikana mji mzima kwa nyama, linakumbusha askari wa King's African Rifles waliopelekwa Asia katika Vita vya Pili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, nyakati za masika, kwenye matope na malaria. Kijana anayenunua matumbo Burma leo anatamka jina la uwanja wa vita bila kujua, na swali moja tu la chemshabongo linatosha kumfungulia habari hiyo yote.

Vita vilileta pia redio. Matangazo yalikuwa yameanza Kenya mwaka 1928, lakini yalikuwa ya Kiingereza na ya walowezi. Ni wakati wa Vita vya Pili ndipo serikali ilipoanza kuwatangazia Waafrika, kwa kuwa jamaa za askari walitaka habari za ndugu zao. Vipaza sauti viliwekwa katika mitaa ya Waafrika, watu wakasikiliza kwa pamoja wakiwa wamesimama. Aliyesikia habari ya jioni alikuwa na swali la kuwauliza kesho yake wale ambao hawakuwapo. Mitaa nayo ilizidi kuongezeka: Ziwani na Kaloleni zilijengwa katika miaka ya 1940, na ukumbi wa Kaloleni ukawa mahali pa mikutano, ngoma na mijadala ya siasa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kuulizana maswali hadharani kukawa jambo la kuogopwa. Novemba mwaka huohuo Tom Mbotela, diwani na kiongozi wa chama cha KAU aliyepinga waziwazi uasi wa Mau Mau, aliuawa karibu na soko la Burma. Mwaka uliofuata akauawa Ambrose Ofafa, diwani Mluo. Mitaa ya Mbotela na Ofafa iliitwa kwa majina yao. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilianza Operesheni Anvil, likaizingira Nairobi na kukamata maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kwa miaka kadhaa swali lililoulizwa zaidi Eastlands lilikuwa la askari: kipande chako, yaani kitambulisho, kiko wapi? Historia ya mchezo wa maswali haiwezi kuukwepa wakati huo, kwa sababu majina ya mitaa ambayo leo huulizwa kwa mzaha yalipatikana kwa damu.

Baada ya uhuru redio ikawa mwalimu mkuu wa maarifa ya jumla. Shirika la utangazaji lilitaifishwa mwaka 1964 likaitwa Sauti ya Kenya, na redio ndogo za betri zikaingia vyumba vya Shauri Moyo. Mtangazaji aliyejulikana kuliko wote alikuwa Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa. Kipindi chake "Je, Huu ni Uungwana?" kilianza mwaka 1966 kikadumu zaidi ya nusu karne. Hakikuwa cha chemshabongo, lakini kilimpa msikilizaji swali kila juma, na watu waliendelea kulijadili baada ya redio kuzimwa. Utangazaji wake wa mpira ulimfanya mchezaji Joe Kadenge kuwa jina la kila nyumba. Mbotela mwenyewe akaja kuwa jibu la swali linalorudiwa hadi leo: wanajeshi waasi waliposhika kituo cha redio tarehe 1 Agosti 1982, walimlazimisha nani kutangaza kwamba serikali imepinduliwa?

Redio iliunda pia jamii za watu wasioonana. Vipindi vya salamu vilikuwa na wapenzi wao waliotuma kadi, waliojulikana kwa majina ya utani na kwa mitaa yao, na waliofungua vilabu vya salamu. Mtu wa Shauri Moyo angeweza kuwa na rafiki wa Voi au Kakamega ambaye hajamwona maisha yake yote. Vituo vya nje viliona nguvu hiyo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Radio Peking mwaka 1961 na ya Deutsche Welle mwaka 1963. Wachina waliendesha mashindano ya maarifa kwa wasikilizaji: maswali kuhusu China yalisomwa hewani, majibu yakatumwa kwa posta. Kwa mara ya kwanza mwamuzi alikuwa mbali kabisa, bara jingine, na uamuzi wake haukuwa na rufaa.

Mwalimu wa pili alikuwa mtihani. Cheti cha elimu ya msingi, CPE, kilikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hesabu na ile ya maarifa ya jumla, iliyochanganya jiografia, historia na sayansi. Mtihani wa KCPE ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023 uliongeza Kiswahili, na kuendeleza maswali ya kuchagua jibu kati ya A, B, C na D. Vizazi vya watoto wa Eastlands vilikariri miji mikuu, milima na mabwawa ya Tana kwa sababu ya karatasi hizo. Faida yake ilikuwa kubwa, kwani watoto wa makabila yote na mitaa yote walipata akiba moja ya maswali. Lakini mtihani ulizoesha watu kudhani kwamba kila swali lina jibu moja na kwamba jibu hilo linakaa ofisini mwa mtu. Kitabu cha kulithibitisha hakikupatikana kirahisi. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mjini mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee kwa miaka mingi ya ukoloni. Ilipofunguliwa kwa wote ikawa na matawi Kaloleni na Makadara, na hayo ndiyo yaliyokuwa karibu na mtoto wa Shauri Moyo aliyetaka kujua kama mwenzake alimdanganya.

Nchi nyingine zilikuwa zimekwisha kuugeuza mchezo huu kuwa shughuli kubwa. Marekani ilikuwa na kipindi cha redio cha Information Please tangu 1938, ambamo wasikilizaji waliwauliza wataalamu maswali ya kuwatatiza. Uingereza ilianza University Challenge kwenye televisheni mwaka 1962. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilichotoka mwaka 1955 kilianzia kwenye ubishi wa wawindaji kuhusu ndege yupi arukaye kasi zaidi, kisha kikawa kitabu cha kumaliza ubishi wa baa. Afrika Mashariki ilipata shindano lake kubwa la vyuo vikuu mwaka 2007, Celtel Africa Challenge, baadaye Zain, likiongozwa na John Sibi-Okumu, mwigizaji na mwalimu wa Kenya ambaye sauti yake ya utulivu iliwafanya watazamaji waheshimu hata aliyekosa.

Wakati huo simu ya mkononi ilikuwa imeenea, na biashara ikaingia. Redio na kampuni zilianza kuuliza maswali yaliyojibiwa kwa ujumbe mfupi wa kulipia. Maswali yakawa mepesi mno, kwa sababu lengo lilikuwa wajibuji wengi, na mshindi akapatikana kwa bahati nasibu. Hapo chemshabongo ilipoteza roho yake: kujua hakukuwa tena na maana. Mchezo wa majirani ulinusurika kwa sababu hauna zawadi.

Nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, bei ya data ilianza kushuka, na baada ya miaka michache mazungumzo ya vibarazani yakahamia WhatsApp. Kundi moja liliweza kuwa na watu 256 kuanzia mwaka 2016, na 1,024 kuanzia mwishoni mwa 2022. Waliokulia mtaa mmoja kisha wakatawanyika Kayole, Kitengela, Doha na Minneapolis waliweza tena kukaa pamoja jioni. Amri ya kutotoka nje usiku ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, makundi hayo ndiyo yaliyobaki wazi wakati milango imefungwa.

Katika makundi ya namna hii anayeuliza amerudishiwa cheo cha mtegaji, lakini ana mpinzani mpya: kila mchezaji ana mtambo wa kutafuta majibu kiganjani. Kanuni zimejitengeneza kukabili hilo. Muda wa kujibu ni mfupi, anayenakili hukaripiwa, na swali zuri ni lile ambalo mtambo haulijibu vizuri au ambalo wengi wanadhani wanalijua. Nani alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki? Wengi huandika Kipchoge Keino bila kusita. Ni Naftali Temu, aliyeshinda mbio za mita 10,000 Mexico mwaka 1968 kabla ya Keino kushinda mita 1,500 katika michezo hiyohiyo. Na medali ya kwanza kabisa? Ni shaba ya Wilson Kiprugut, mita 800, Tokyo 1964. Bondia gani wa Kenya alishinda dhahabu Seoul mwaka 1988? Robert Wangila. Gor Mahia walichukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 bila kushinda mechi yoyote ya fainali, iliwezekanaje? Walitoka sare ya 2-2 na Espérance huko Tunis na 1-1 Nairobi, wakabebwa na mabao ya ugenini. Swali hili la mwisho ni bora kuliko yote manne, kwa kuwa anayejua matokeo bado anatakiwa kufikiri.

Yako pia maswali yasiyo na jibu moja, na ndiyo yanayodumu usiku kucha. Ni nani aliyetunga "Malaika"? Fadhili William aliurekodi wimbo huo na jina lake ndilo lililoenea, lakini wapo wanaomtaja Adam Salim na wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Wimbo wa taifa nao una mtego wake. Anayeulizwa mtunzi hutafuta jina moja, kumbe uliandaliwa na jopo la watu watano, wakiwamo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Kundi lenye adabu hupokea majibu hayo yote na kuyapa nafasi, jambo ambalo karatasi ya A, B, C na D haikuruhusu kamwe.

Hata hivyo, maswali yanayothaminiwa zaidi ni yale ya mtaa wenyewe. Kwa nini wabunge wa Kenya huita kikao chao kisicho rasmi kamukunji? Kwa sababu ya uwanja wa Kamukunji, jirani na Shauri Moyo, palipofanyika mikutano ya kudai uhuru, na palipokusudiwa mkutano wa kudai vyama vingi uliozimwa na polisi tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba. Hayo yameandikwa. Lakini duka fulani lilikuwa kona gani, bomba la maji la wote lilisimama wapi, nani alikuwa na redio ya kwanza katika safu ya nyumba: hayo hayamo katika mtambo wowote. Mwamuzi wake ni mzee aliyekuwapo. Mara nyingi hana akaunti ya WhatsApp, hivyo mjukuu hupewa kazi ya kumuuliza, na jibu huja kesho yake kama sauti iliyorekodiwa, ndefu kuliko swali, yenye jina la mtu mwingine wa kuulizwa.

Katika miaka ya 2020 serikali ilianza kujenga maghorofa ya mpango wa nyumba nafuu Shauri Moyo, na mitaa mingine ya zamani ya Eastlands imepangiwa mkondo huohuo. Nyumba walizojengewa watu wa Pangani zinaanza kuondoka, kama zao wenyewe zilivyoondoka kabla yake. Picha za milango ya zamani zimekuwa maswali: hii ni ya safu gani, na nani aliishi humo? Akikosekana wa kujibu, aliyeuliza anaandika maneno yaleyale ya zamani, "Nipeni mji," na mtu aliye Doha anampa Shauri Moyo.